Maisha ya Carl Peters, Aliyeivunja Sheria kwa Kalamu ya Sheria

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu. Ama baada ya hayo: habari za waliopita husomwa kwa ajili ya mazingatio, na wabaya husomwa kama wasomwavyo wema, ili njia yao ijulikane na kuepukwa.

Carl Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856 katika mji mdogo wa Neuhaus, karibu na mto Elbe, Ujerumani. Baba yake alikuwa kasisi. Alisoma mpaka akapata shahada ya udaktari katika elimu ya tarikhi. Basi hakuwa mjinga asiyejua maana ya ahadi wala ya hati. Mwaka 1884 aliunda chama huko Berlin cha kutafuta makoloni, na mwezi wa Novemba mwaka huo akafika Unguja kwa jina la uongo. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Karl Jühlke, mtu aliyesomea sheria.

Wakavuka bara, na kwa muda wa majuma machache wakapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami wakiandikisha mikataba. Aliye mashuhuri zaidi katika waliotia alama zao ni Mangungo wa Msowero. Hati ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo wenye nchi hawakuijua. Wao walidhani wanafunga urafiki. Karatasi zilisema kwamba nchi imetolewa milele. Katika sheria ya Kiislamu, na katika sheria za Ulaya vilevile, mapatano hayasimami pasipo ridhaa, na ridhaa haipatikani kwa mtu asiyejua anachokiridhia. Msomi wa sheria alikuwamo safarini, dhuluma ikapita mbele ya macho yake, naye akawa mshirika.

Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm wa Kwanza alizitilia nguvu karatasi hizo kwa hati ya ulinzi. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alipinga. Lakini mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, naye akalazimika kukubali.

Kutokana na karatasi hizo likaota koloni zima. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mapatano mjini Berlin, na mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ukafuata mto Kalambo mpaka ziwani. Kwa mstari huo nyanda za juu za Ufipa, pamoja na falme zake za Nkansi na Lyangalile, zikahesabiwa kuwa za Ujerumani. Hakuna Mfipa aliyeulizwa. Boma la Kasanga likaja kuitwa Bismarckburg, kwa jina la waziri mkuu ambaye katika siku zake karatasi za Usagara zilipata muhuri.

Mwaka 1891 Peters alipewa utawala wa Kilimanjaro. Huko aliamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe, akishtakiwa wizi; na mapema mwaka 1892 akamnyonga msichana Jagodja, aliyewekwa nyumbani mwake kisha akatoroka. Ikasemekana kwamba kosa la kweli la wawili hao lilikuwa kupendana. Kadhi hahukumu katika jambo linalomhusu nafsi yake, wala hahukumu naye ameghadhibika. Mtu huyu alikusanya yote mawili katika kiti kimoja, kisha akaliita tendo lake hukumu.

Lakini damu haikukauka kimya. Mwezi wa Machi 1896 August Bebel alisimama katika Bunge la Ujerumani akaifichua habari hiyo. Mwaka 1897 baraza la nidhamu lilimwona Peters ana hatia, likamfukuza katika utumishi na kumnyima malipo ya uzeeni. Alikata rufani, hukumu ikathibitishwa. Hata hivyo hakufikishwa mbele ya mahakama ya jinai. Alipoteza kazi, hali Mabruk na Jagodja walipoteza uhai.

Hata adhabu hiyo ndogo haikulindwa. Mwaka 1905 Kaizari Wilhelm wa Pili alimrudishia cheo chake cha jina, na mwaka 1914 akampa malipo ya uzeeni. Peters alikufa tarehe 10 Septemba 1918. Mwaka 1937 Hitler akaifuta hukumu yenyewe, na mtu aliyekwisha kuwa mchanga akatangazwa kuwa safi. Kwa hiyo haitoshi kumhukumu mwenye kuichezea sheria. Hukumu yenyewe yataka walinzi, kwani wenye nguvu huirudia usiku kama mwizi arudiavyo nyumba aliyofukuzwa.

Tanzania ya leo ina Kamati ya Mawakili, iliyowekwa kwa sheria, yenye uwezo wa kuamuru jina la wakili mkosefu liondolewe katika orodha ya mawakili. Mlango huo ni wa mkulima wa Ufipa kama ulivyo wa tajiri wa mjini. Mzee asiyejua kusoma, akiletewa Sumbawanga hati ya shamba lake, asitie dole gumba mpaka asomewe neno kwa neno katika lugha aijuayo, mbele ya mashahidi wake mwenyewe. Na mwandishi wa hati ile akumbuke kwamba Msowero napo palikuwa na karatasi, na alama, na mashahidi. Kilichokosekana ni haki.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.