Pasteur na Kibuyu cha Mgema

Mwaka 1895, Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika Mashariki na kuifanya Mombasa makao yake makuu, huko Ufaransa alifariki mzee mmoja aliyekuwa amepooza upande wa kushoto. Jina lake Louis Pasteur. Wengi wetu twamjua kwa chanjo ya kichaa cha mbwa aliyoitumia kwa binadamu mwaka 1885. Mimi naona kwamba sisi watu wa Mombasa tuna sababu nyingine ya kumkumbuka, nayo imo ndani ya kibuyu cha mgema.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 mjini Dole. Babake alikuwa mtengenezaji ngozi. Alilelewa Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mizabibu kama Rabai ilivyozungukwa na minazi. Alisomea kemia Paris, na mwaka 1854 akapelekwa kufundisha Lille. Huko mwenye kiwanda cha kileo alimwendea kwa kuwa mapipa yake yalikuwa yakiharibika. Wanakemia mashuhuri wa zama hizo walishikilia kuwa kuchachuka ni kuoza tu kwa vitu visivyo na uhai. Pasteur alichungulia katika hadubini, akaona viumbe hai. Palipo na hamira, sukari hugeuka kileo. Vikiingia vijidudu vya aina nyingine, hugeuka ukali.

Mwaka 1863 mfalme Napoleon III alimtaka achunguze divai zilizokuwa zikiharibika. Akarudi Arbois, akagundua kuwa kuzipasha moto wa nyuzi 50 hadi 60 huua vijidudu hivyo. Ndiyo asili ya njia inayohifadhi maziwa yetu hadi leo. Maisha hayakumhurumia: alizika mabinti watatu, na mwaka 1868 akapooza. Hata hivyo hakuweka hadubini chini.

Jaribio linalonivutia zaidi ni la mwaka 1878. Alijenga vibanda vya vioo juu ya sehemu ya shamba lake la mizabibu kabla zabibu hazijaiva. Zabibu za nje zilipopondwa, zilichachuka upesi. Zile zilizokingwa na vioo hazikuchachuka. Basi hamira haikutoka ndani ya tunda. Ililetwa na mazingira, ikatua juu ya ganda. Udongo, jua na mvua hulea zabibu, lakini tabia ya divai hukamilishwa na viumbe wadogo wa mahali pale.

Sasa tuutazame mnazi wetu. Maji yanayotoka katika karara ni matamu. Lakini kibuyu kina hamira ya jana, hewa ina yake, na joto la Pwani huharakisha kazi. Kufikia jioni utamu umekuwa kileo. Baada ya siku chache kileo kimekuwa siki. Mama wa Mji wa Kale anayeumua mahamri hahitaji kuambiwa kuwa unga huumuka upesi zaidi wakati wa kaskazi kuliko wakati wa kipupwe.

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi walizitambua hali hizi tatu zamani: maji matamu ni halali, kileo ni haramu, na kileo kikigeuka siki chenyewe huwa halali tena. Pasteur aliwataja wafanyao kazi hiyo. Lakini misako na marufuku huuhesabu mnazi kuwa kitu kimoja, na mgema kuwa mkosaji mmoja. Anayeumia ni mtu anayepanda mti asubuhi na jioni, huku mali yake ikiharibika kabla ya kufika sokoni.

Sitetei ulevi. Natetea maarifa. Kibuyu kikisafishwa barabara na maji yakapashwa moto mapema, mgema aweza kuuza asali ya mnazi, sukari au siki, na hata jirani yangu asiyegusa kileo akanunua. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, kwenye minazi yenyewe. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, hapa kisiwani. Ningependa kuwaona wasomi wao chini ya mnazi, hadubini mkononi, wakimuuliza mgema anayoyajua. Pasteur hakuona haya kuingia katika maghala ya wakulima wa Arbois, naye alikuwa mwanachama wa Akademia ya Sayansi.