Padri Vivaldi na Sonata ya Selo

Wengi wetu tulipoona neno selo kwenye ratiba ya leo tuliuliza ni chombo gani. Anayeijua orutu yuko karibu: upinde unapita juu ya uzi, nao uzi unalia. Orutu ina uzi mmoja. Selo ina nyuzi nne, na ni kubwa hivi kwamba mpigaji huketi na kuibana kwa magoti.

Sonata tutakayoisikia ilitungwa na padri, Antonio Vivaldi. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1678 huko Venice, Italia, mji uliojengwa majini, ambako mashua ndizo matatu. Baba yake alikuwa mpiga fidla. Antonio alipata upadrisho mwaka 1703, na kwa sababu ya nywele zake wakamwita Padri Mwekundu. Lakini kifua kilimbana tangu utotoni, na haukupita muda mrefu akaacha kuadhimisha Misa.

Mwaka huohuo wa 1703 aliajiriwa kufundisha fidla huko Pietà, nyumba ya watoto walioachwa. Mzazi aliyeshindwa kulea alimweka mtoto kwenye tundu la ukutani, akaenda zake. Wasichana waliokulia humo ndio waliokuwa kwaya na okestra. Waliimba juu roshanini, nyuma ya vyuma, watu wakasikia sauti bila kuona nyuso. Wengi hawakuwa na jina la ukoo, basi wakaitwa kwa kazi yao: Anna Maria wa fidla, na wenzake vivyo hivyo. Nasi je, hatusemi mama fulani wa alto mpaka jina lake lingine likasahaulika?

Wakuu wa Pietà walimpigia kura kila mara kama aendelee. Mwaka 1709 kura zilimwangusha, 1711 wakamrudisha. (Wanaojua kamati za kwaya hawatashangaa.)

Sonata zake sita za selo zilichapishwa Paris karibu mwaka 1740. Kila moja ina sehemu nne: polepole, haraka, polepole, haraka. Selo haiendi peke yake. Siku zile mtunzi aliandika mstari wa besi na tarakimu chache, na mpiga kinanda akajaza sauti zilizobaki kwa akili yake mwenyewe. Hiyo ndiyo kontinyuo. Tuisikilize hasa katika sehemu ya tatu, selo inapoomboleza. Kinanda ndicho kinachoishika isianguke.

Vivaldi alienda Vienna kutafuta riziki, lakini Kaisari aliyemtegemea akafa. Naye akafa huko Julai 1741, akazikwa kimaskini. Maandishi yake mengi yakapotea machoni pa watu hadi mwaka 1926, yalipoonekana katika shule ya Wasalesiani nchini Italia. Nyimbo zetu za miaka ya kwanza ziko kwenye madaftari ya solfa, na nyingine vichwani mwa wazee wetu tu. Katika marundo yale ya Vivaldi mlikuwa na Gloria, ambayo kwaya nyingi huipenda leo. Iliimbwa tena huko Siena mwaka 1939.