Wu Lien-teh, muganga aliyepigana na tauni kwa vagoni za treni

Kwetu Ituri tauni si hadithi. Pande za Rethy na Aru watu wanajua: panya zinakufa kwanza, kiisha mtu anashikwa na homa na uvimbe. Lakini iko aina ingine, ile ya mapafu, inayopita kwa kikohozi, na bila dawa inaua karibu kila mtu. Aliyeonyesha namna ya kuizuia ni daktari Wu Lien-teh.

Alizaliwa munamo mwaka 1879 kule Penang, leo ni Malaysia, akasomea udaktari Cambridge. Munamo mwezi wa Desemba 1910, serikali ya China ilimutuma Harbin, muji wa baridi kali, ambako watu walikuwa wanatapika damu na kufa kwa siku chache. Alikuwa na miaka 31 tu.

Alipasua maiti ya mwanamke mumoja kwa siri, maana desturi ilikataza, akakuta vijidudu vya tauni. Akaelewa kama ugonjwa unapita kwa pumuzi, haiko kwa panya. Akaomba waganga wote wavae barakoa ya pamba. Mfaransa mumoja, daktari Mesny, mwenye uzoefu kumupita, hakukubali. Aliingia kwa wagonjwa pua wazi. Kisha siku chache alikufa, na hapo muji ulianza kuvaa.

Ila kwangu mimi kazi yake kubwa ni mpangilio. Mtaa wa Fujiadian, wenye watu kama 24,000, aliugawa sehemu 4, na vikundi vikapita nyumba kwa nyumba kila siku. Mgonjwa alipelekwa hospitali. Wale waliokaa naye hawakuchanganywa na wagonjwa: waliwekwa ndani ya vagoni 120 alizoazima kwa Warusi wa reli, wakipimwa homa kila siku. Aliyepata joto alitolewa mbiyo, aliyebaki muzima alirudi kwake. Waliopitia Ebola Beni na Butembo wanatambua kazi hiyo.

Na upinzani pia wanautambua. Familia zilificha wagonjwa, zingine zikatupa maiti barabarani usiku ili nyumba isijulikane. Inje ya muji, maiti zaidi ya 2,000 zilikuwa zimerundikana, udongo umeganda, hakuna namna ya kuchimba. Kuzichoma ilikuwa matusi kwa wahenga. Wu hakukimbilia nguvu. Alipeleka kwanza wakubwa wa muji waone kwa macho yao, kiisha akaandikia mfalme, akangoja. Ruhusa ikakuja, na moto ukawashwa mwisho wa Januari 1911.

Tarehe 1 Machi, Fujiadian ilipata mgonjwa wake wa mwisho. Jimbo lote la Manchuria lilikuwa limepoteza watu kama 60,000, wakiwemo wauguzi wengi.

Munamo mwaka 1937, vita vya Japani vilimurudisha kwao. Akafungua kabine ndogo Ipoh, akatibu watu wa kawaida mpaka uzeeni. Alikufa munamo mwaka 1960, kule kule Penang.