Askofu Steere wa Unguja

Nataka kuwaeleza habari za Askofu Edward Steere. Huenda mtashangaa, maana Unguja ni mbali sana na Kuluba, na bwana huyu hakufika hata karibu na Koboko. Lakini mimi nina deni kwake, nalo nitalitaja kwanza.

Muhula uliopita nilirudishiwa insha yangu ya Kiingereza ikiwa imejaa wino mwekundu. Mara saba nilikuwa nimeandika "If I would have". Sikuona kosa li wapi. Nyumbani kwetu twasema Kikakwa, sokoni Kiswahili, na katika Kiswahili nilichofundishwa mtu husema "ningekuwa na fedha, ningenunua baiskeli", yaani -nge- huku na -nge- huku. Basi nami nikaona ni haki kuweka "would" pande zote mbili. Jambo hili si la mchezo kwangu. Nina miaka kumi na tisa, mtihani wa mwisho u karibu, na nikishindwa hakuna karo ya mwaka mwingine, kwa sababu wadogo zangu wawili wanangoja zamu yao.

Katika kabati la vitabu vikuukuu nikaokota sarufi ya Kiswahili isiyo na jalada. Mwandishi wake ndiye huyo Steere.

Alizaliwa London mwaka wa 1828. Alisomea sheria, akawa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo akawa kasisi katika kijiji kidogo cha Lincolnshire. Mwaka wa 1863 alifuatana na rafiki yake, Askofu Tozer, kwenda mto Shire, mahali ambapo misheni yao ilikuwa imekwisha kupata hasara kubwa kwa homa na vita. Hawakukaa sana. Mwaka wa 1864 wakahamia Unguja, na Sultani Majid akawapa wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi na Steere mwenyewe mwaka wa 1879.

Hebu fikirini darasa hilo. Mwalimu hajui lugha ya watoto, na watoto hawajui lugha ya mwalimu; hata Kiswahili si lugha ya mama zao. Steere akaanza kujifunza kwa kuwauliza watu wa mjini, akiandika kila neno alilolisikia. Ujanani alikuwa amejifunza kupiga chapa, kwa hiyo akaweka mtambo na kuwafundisha wavulana kupanga herufi. Mwaka wa 1870 vitabu vyake viwili vilitolewa London: kimoja cha hadithi za Waswahili, na kimoja ni ile sarufi, "A Handbook of the Swahili Language as Spoken at Zanzibar".

Sasa niwaambie jinsi sarufi hiyo ilivyonisaidia. Iliandikwa na Mwingereza kwa ajili ya Waingereza, nami niliisoma kinyumenyume. Steere aliwaeleza wenzake kwamba Mswahili huitia alama ya sharti ndani ya tendo lenyewe: -ki- kwa jambo liwezalo kuwa, -nge- kwa jambo lisilo kweli sasa, -ngali- kwa jambo lililokwisha kupita bila kutokea. Ndipo nikang'amua kwamba Mwingereza hana alama kama hiyo, naye huazima wakati uliopita. Akisema "If I had money" hasemi habari za jana. Anasema kwamba sasa hivi mfuko ni mtupu. "Would" huiweka upande wa pili tu, pale penye matokeo. Na kwa tendo la kuwa, Kiingereza cha mtihani kinataka "were" hata kwa mtu mmoja: "If I were a bishop", wala si "was", ingawa Waingereza wengi wakizungumza husema "was" bila haya. Lakini wao hawasahihishiwi.

Na -ngali- je? Hiyo ni "If I had been", na upande wa pili "I would have". Hapa kwetu sokoni alama hizi hazisikiki sana, watu husema "kama" wakaendelea na safari yao, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu twapotea.

Turudi kwa Steere. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Kiwanja cha Mkunazini kikanunuliwa, na siku ya Krismasi mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwaka wa 1874 Steere alifanywa askofu, akalisimamia jengo hilo kwa miaka. Inasimuliwa mpaka leo kwamba siku moja alipokuwa safarini mafundi walizisimamisha nguzo fulani juu chini, na ziko vivyo hivyo.

Alikuwa mtembezi pia. Mwaka wa 1875 alikwenda kwa miguu kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, mkubwa wa Wayao. Mwaka uliofuata aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani warudi bara, nao wakaanzisha makao Masasi.

Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa lake. Angaliishi miaka tisa zaidi, angaliiona Biblia nzima katika Kiswahili cha Unguja, kazi aliyoitangulia kwa tafsiri zake. Na mwaka wa 1928, mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiswahili cha kutumiwa mashuleni, ulichagua Kiunguja, kile alichokiandika yeye, si Kimvita alichokiandika Krapf.

Insha yangu nimeiandika upya. Safari hii mwalimu amepiga mstari mahali pamoja tu, na hapo nilikuwa nimekosea tahajia ya "bicycle".