Burkitt, daktari wa uvimbe wa taya

Wewe mzazi wa Kirando, mfahamu Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, lakini akawa daktari wa upasuaji Mulago, Uganda. Mwaka 1958 aliandika kuhusu saratani inayovimbisha taya za watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari hadi kusini mwa Afrika, akabaini kwamba huonekana zaidi nyanda za chini zenye joto, kama mwambao wenu wa Ziwa Tanganyika, kuliko milimani. Baadaye malaria ilibainika kuchangia.

Kisu hakikutosha, akatumia dawa. Mojawapo ni vinkristini, itokanayo na ua la vinka, inayozuia seli kugawanyika. Hospitalini dozi yake hupimwa. Majani ya kuchemsha nyumbani hayana kipimo, yanaweza kumdhuru mtoto. Utomvu wa mnyaa nao, ulipopimwa maabara, ulionekana kubadili kromosomu za seli.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Mtoto akivimba taya au meno yakilegea, mpeleke hospitali mapema. Uvimbe huu hukua kwa siku chache, lakini ukiwahiwa hutibika.