Maisha ya Daktari Burkitt

Daktari Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja; hata hivyo alisoma udaktari mjini Dublin, akawa mpasuaji, na mwaka 1946 akaja kufanya kazi Uganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Ilikuwa saratani, nayo iliwaua watoto upesi. Kuwahesabu wagonjwa tu kungempa hesabu moja kwa kila hospitali, kama sisi tunapouliza kijiji gani huvuna kahawa nyingi. Hiyo ni kazi ya mchoro wa nguzo. Burkitt akauliza ugonjwa unapatikana wapi, na wapi haupatikani. Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walitoka Kampala kwa gari kuukuu, wakapita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, yapata maili 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Hapa ndipo ninapoipenda mno habari hii. Kila nchi ilitoa hesabu mbili: umbali wake kutoka Ikweta, na kimo ambacho ugonjwa haukupita. Karibu na Ikweta ulikoma yapata futi 5,000, ndiyo kusema kimo cha Mbozi hii. Kusini kabisa ulikoma yapata futi 1,000. Ukitia nukta moja kwa kila nchi, nukta zateremka kama njia ya kwenda Kamsamba. Lakini kama kimo chenyewe ndicho kingekuwa kizuizi, mpaka usingeshuka. Kilichozuia ni baridi: ugonjwa ulikuwa haba sana mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi, na pia penye ukame.

Joto na mvua hupendwa na mbu, kwa hiyo mbu akashukiwa. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waligundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe ule. Kirusi hicho hakienezwi na mbu. Ila malaria, aletayo mbu, hukisaidia kuzaa saratani. Dawa alizojaribu Burkitt ziliponya baadhi ya watoto.

Aliporudi Uingereza aliwapima wanakijiji wa Uganda na wanafunzi wa bweni wa kwao: chakula hukaa tumboni saa ngapi, na choo kina uzito gani. Wenzangu darasani wamecheka sana, lakini hesabu mbili za mtu yule yule ni jozi safi kabisa. Alifariki mwaka 1993.