Wimbo Nje ya Baa
Juzi nilikaribia kuacha huduma ya kuhubiri kule stendi. Watu wanapita tu, makanga wanatucheka. Ndipo nikamkumbuka Billy Sunday.

Alizaliwa Iowa, Marekani, mwaka wa 1862. Babake, mwanajeshi, alikufa wiki chache baadaye bila kumwona, na Billy akaishia makao ya mayatima. Mwaka wa 1883 aliingia timu ya besiboli ya Chicago. Mbio alikuwa nazo, lakini pombe pia alikunywa na wenzake.

Siku moja walitoka baa, wakaketi kando ya barabara. Hapo waimbaji wa Pacific Garden Mission walikuwa wakiimba nyimbo alizozisikia kwa mamake. Akawafuata, na baadaye akaokoka. Mwaka wa 1891 aliacha mchezo akiwa bado anatakiwa, akafanya kazi YMCA kwa dola 83 tu kwa mwezi. Akaja kuwa mhubiri wa maelfu, hadi kifo chake mwaka wa 1935.

Wale waimbaji hawakujua ni nani ameketi pale. Mimi Jumamosi narudi stendi. Nani twende naye?